Kina cha fokasi: namna ya kuamua kipi kionekane wazi na kipi kipotee kwenye ukungu

Ushauri ambao karibu kila anayeanza kupiga picha hupewa ni huu: ukitaka mandharinyuma yenye ukungu, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Ushauri huo si uongo, ila umebeba sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe, na sehemu iliyoachwa ndiyo inayoharibu picha. Ndiyo maana unakuta picha ya uso ambayo ncha ya pua iko wazi na macho yamefifia, picha ya familia ambayo mstari wa mbele umetoka vizuri na wa nyuma hautambuliki, au picha ya mlima iliyopoteza makali yake yote ingawa mpigaji aliweka f/22, yaani tundu dogo sana, kwa nia njema kabisa.

Mpangilio ninaouamini ni huu: kwanza amua kitu gani lazima kionekane wazi, kisha chagua mahali pa kusimama, kisha lenzi. Tundu la lenzi linakuja mwisho. Wengi huanza kinyume, halafu hushangaa kwa nini lenzi ya bei kubwa haiwasaidii.

Kinachotokea ndani ya kamera

Lenzi hulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukilenga mita 2, ni vitu vilivyo mita 2 pekee vinavyochorwa nukta kwa nukta kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Nukta ya kitu kilicho mbele au nyuma ya hapo hutua kwenye sensa ikiwa kiduara. Kiduara kikiwa kidogo mno, jicho haliwezi kukitofautisha na nukta, nasi tunasema kitu hicho kiko wazi. Kikipanuka, tunaona ukungu. Kina cha fokasi ni ule ukanda wote, kuanzia mbele ya ulipolenga hadi nyuma yake, ambao viduara vyake bado ni vidogo kiasi cha jicho kuvikubali.

Ukanda huo hauna ukuta mwishoni. Uwazi hupungua taratibu, na mahali unapoishia hutegemea picha itatazamwa vipi. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, kipimo kilichozoeleka ni kiduara kisichozidi milimita 0.03 hivi. Kipimo hicho kinachukulia chapa ya wastani, kama sentimita 20 kwa 25, iliyoshikwa mkononi. Ukiichapisha picha hiyohiyo kwa ukubwa wa ukuta na mtu akaisogelea, au ukaikuza kwenye kompyuta hadi asilimia 100, ukanda unasinyaa mbele ya macho yako. Takwimu za kina nitakazotaja zimekokotolewa kwa kipimo hicho na sensa ya ukubwa huo, kwa hiyo zichukue kama mwongozo wa kuanzia.

Hatua ya kwanza: taja kitu ambacho lazima kiwe wazi

Kabla hujagusa kitufe chochote, jiulize kitu hicho kina unene gani kutoka mbele hadi nyuma. Ukipiga uso unaokutazama moja kwa moja, kutoka ncha ya pua hadi machoni ni sentimita chache tu, na hadi masikioni ni zaidi ya sentimita 10. Watu waliosimama mistari mitatu wanachukua mita nzima au zaidi. Mandhari yenye maua karibu na miguu yako na milima kwa mbali huanzia mita moja na nusu na haina mwisho. Jibu la swali hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata, na halihitaji kuwa sahihi kwa sentimita. Inatosha ujue kama unahitaji sentimita 10, mita 1 au upeo wa macho.

Halafu kumbuka umbo la ukanda wenyewe. Kwa lenzi ya kawaida, eneo lililo wazi limesimama kama kioo cha dirisha, sambamba na sensa ya kamera yako. Haliuzunguki uso wala haliufuati mstari wa watu waliojipinda. Hapa ndipo picha nyingi za watu zinapoharibikia. Mtu akigeuza kichwa nusu upande, jicho moja linakuwa karibu na kamera kuliko la pili kwa sentimita 4 au zaidi. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/1.8, mita 2 kutoka usoni, ukanda wote una sentimita 6 hivi, yaani 3 mbele na 3 nyuma. Ukilenga jicho la karibu, la pili limeshatoka nje. Unaweza kumwomba mtu ageuke kidogo ili macho yote mawili yawe umbali mmoja, unaweza kuongeza kina, au unaweza kukubali jicho moja lififie. Ukikubali hilo, hakikisha lililo wazi ni la karibu, kwa sababu mtazamaji huanza na jicho lililo karibu naye, na likiwa na ukungu picha nzima huonekana imekosewa.

Umbo hilo pia linaweza kukufaa. Kipepeo aliyefunga mabawa, ukurasa wa kitabu, mchoro wa ukutani: vyote ni bapa. Ukiiweka kamera sambamba navyo, kina kidogo kinatosha kuvifunika vyote. Ukisimama mshazari, hata f/11 inaweza isitoshe. Mara nyingi kuhamia kushoto au kulia hatua mbili kunaokoa picha kuliko kubadilisha namba yoyote kwenye kamera.

Hatua ya pili: chagua umbali, tena umbali wa aina mbili

Umbali wa kwanza ni kati yako na unayempiga. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8. Ukilenga mita 1, ukanda ulio wazi ni kama sentimita 4. Ukirudi hadi mita 2, unakuwa kama sentimita 17. Mita 4, kama sentimita 69. Umbali ukiongezeka mara mbili, kina kinaongezeka takriban mara nne. Hakuna kitu kingine kwenye kamera chenye nguvu kiasi hicho ambacho unaweza kukibadilisha kwa miguu tu. Kwa hiyo uso ukikataa kuwa wazi wote, rudi nyuma kwanza. Hata ukilazimika kuikata picha baadaye ili uso urudi ukubwa uliokuwa unautaka, bado utakuwa umebaki na kina kama mara mbili ya kile cha mwanzo.

Umbali wa pili ni kati ya unayempiga na kilicho nyuma yake, na huu ndio watu wanausahau. Mtu aliyesimama nusu mita mbele ya ukuta hatatengana na ukuta huo vizuri hata ukifungua lenzi yote. Msogeze mbele hadi ukuta uwe mita 5 nyuma yake, na ukiwa na lenzi ile ya 50 kutoka mita 2, viduara vya ukungu kwenye ukuta vitakua zaidi ya mara tatu na nusu. Jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walijaribu ni kwamba f/4 ukuta ukiwa mita 5 nyuma hutoa ukungu mzito kuliko f/1.8 ukuta ukiwa nusu mita nyuma. Hii ni habari njema kwa mwenye lenzi ya zumu iliyokuja na kamera, ile inayoishia f/5.6 ikivutwa mpaka mwisho. Msogelee mtu, yeye mwondoe ukutani, vuta zumu yote, na utapata mandharinyuma laini bila kununua kitu.

Faida hiyo haiendelei milele. Kutoka mita 5 nyuma ya mtu hadi milima ya upeo wa macho, ukungu unaongezeka kama asilimia 40 tu. Ukishampa nafasi ya kutosha, acha kuhangaika na nyuma na urudi kwenye uso wake.

Hatua ya tatu: chagua lenzi kwa ajili ya mandharinyuma

Husemwa kila mahali kwamba lenzi ndefu (yenye milimita nyingi) ina kina kidogo na lenzi pana (yenye milimita chache) ina kina kikubwa. Ukisimama mahali pamoja, ni kweli. Lakini wapigaji hawasimami mahali pamoja. Wenye lenzi ndefu hurudi nyuma ili mtu atoshe kwenye fremu. Tazama kinachotokea basi: milimita 50 kutoka mita 2 kwenye f/4 inatoa kina cha sentimita 38 hivi. Milimita 100 kutoka mita 4, kwenye f/4 ileile na mtu akiwa ukubwa uleule kwenye picha, inatoa sentimita 38 hivi. Hakuna tofauti ya maana.

Kinachobadilika ni mandharinyuma. Lenzi ndefu huchukua kipande chembamba cha nyuma na kukikuza, kwa hiyo viduara vya ukungu vya vitu vya mbali vinakuwa vikubwa mara mbili katika mfano huo. Mti uliokuwa unatambulika unageuka rangi tupu. Kina cha kilicho wazi na wingi wa ukungu ni mambo mawili tofauti, na ukiyatenganisha kichwani utaweza kutaka kimoja bila kingine: uso mzima uwe wazi, masikio na nywele zikiwemo, huku nyuma kukiwa laini kabisa. Hiyo ni kazi ya lenzi ya milimita 85 hadi 135 kwenye f/4 au f/5.6, na mandharinyuma iliyo mbali. Binafsi naiona inapendeza kuliko uso uliokatwa na f/1.4.

Hatua ya nne: sasa fungua au funga tundu la lenzi

Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake, uliogawanywa kwa upana wa tundu lake. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Kwenye f/8 ni zaidi kidogo ya milimita 6. Ndiyo sababu namba ndogo ni tundu kubwa. Ngazi zake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, na kila ngazi unayopanda inapunguza mwanga kwa nusu. Kina kinahitaji ngazi mbili kuongezeka mara mbili: lenzi ya 50 kutoka mita 2 ina sentimita 17 kwenye f/1.8, 38 kwenye f/4, na 78 kwenye f/8.

Weka kamera kwenye modi ya A, au Av kwa baadhi ya kamera. Utachagua namba ya f na kamera itatafuta kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Iangalie kasi hiyo kila mara, maana kina kinalipiwa kwa mwanga. Kutoka f/2.8 hadi f/8 ni ngazi tatu, kwa hiyo 1/500 ya sekunde inashuka hadi 1/60, na watoto wanaocheza hawapigiki kwa 1/60. Ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chembechembe zinazoletwa nayo zinavumilika, uso uliotikisika hauvumiliki.

Kwa watu wa mistari mitatu, lenzi ya 50 kutoka mita 4 kwenye f/4 inakupa kama mita moja na nusu, ambayo ni finyu. Kwenye f/8 unapata kuanzia mita 2.9 hadi 6.4, na unaweza kupumua. Lenga mstari wa katikati. Wakiwa mistari miwili, lenga nyuso za mbele, kwa kuwa kwa umbali huo kina kingi kiko nyuma ya ulipolenga. Ile kanuni kwamba theluthi moja ya kina iko mbele na theluthi mbili nyuma ni kweli kwa umbali fulani tu, kama huu. Ukiwa karibu, mita moja hivi, inakuwa nusu kwa nusu, na ukilenga mbali sana upande wa nyuma unafika upeo wa macho. Usiitumie kwenye picha za nyuso.

Je, kwa nini usifunge hadi f/22 kila siku? Kwa sababu mwanga ukipenya kwenye tundu dogo hupinda na kusambaa, na picha yote hupoteza makali, hata pale ulipolenga. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, hali hiyo huanza kusumbua unapopita f/16. Kwa sensa ndogo zaidi za kamera nyingi za kawaida, unapopita f/11. Mwaka 1932 huko San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao walijiita Group f/64, kwa jina la tundu dogo walilotumia kupata picha zilizo wazi kila mahali. Filamu zao zilikuwa kubwa, nyingine sentimita 20 kwa 25, na Weston alizichapisha kwa kuzigusanisha moja kwa moja na karatasi bila kuzikuza. Ulaini ule haukupata nafasi ya kuonekana. Sensa yako ndogo hukuzwa mara nyingi kabla haijatazamwa, kwa hiyo usiige namba yao.

Kama kamera yako ni ya kioo cha ndani (DSLR), jua pia kwamba unapotazama kwenye kitundu cha kutazamia, lenzi imefunguliwa yote. Kina unachokiona si cha namba uliyoweka. Nyingi zina kitufe kidogo karibu na lenzi kinachofunga tundu kwa muda. Kibonyeze, vumilia giza, na utaona kina halisi.

Mandhari: kutoka miguuni hadi upeo wa macho

Kuna umbali mmoja wa kulenga unaokupa ukanda mrefu kuliko wote: ukilenga hapo, kila kitu kuanzia nusu ya umbali huo hadi upeo wa macho kinaingia ndani. Kwa milimita 24 kwenye f/11, umbali huo ni mita 1.8 hivi, kwa hiyo uwazi unaanzia sentimita 90. Kwa milimita 28 kwenye f/8 ni mita 3.3. Kwa 35 kwenye f/8 ni mita 5.1, na kwa 50 kwenye f/8 ni mita 10 na nusu. Ona jinsi lenzi pana inavyorahisisha kazi.

Weka tripodi, badili fokasi iwe ya mkono, tafuta kitu kilicho umbali huo, kilenge, kisha usiguse tena pete ya fokasi. Tahadhari moja: ukilenga hapo hasa, milima ya mbali inakuwa kwenye ukingo wa uwazi, inapita kwa taabu. Milima ikiwa ndiyo roho ya picha, lenga mbali zaidi kidogo na uyaache maua ya mbele yapoteze kiasi. Ukikataa kupoteza upande wowote, piga picha kadhaa bila kusogeza kamera, kila moja ukilenga mbali zaidi ya iliyotangulia, kisha ziunganishe kwa programu ya kompyuta. Njia nyingine ni lenzi inayoinamishwa, ambayo huulaza ukanda ulio wazi ufuate ardhi. Kanuni yake inabeba jina la Theodor Scheimpflug, Mwaustria aliyepata hataza mwaka 1904.

Vitu vidogo kwa karibu

Hapa kina hupimwa kwa milimita. Kitu kikichorwa kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, f/8 inakupa kama milimita 1 tu, hata lenzi iwe na urefu gani. Usitafute fokasi kwa pete. Weka pete mahali pamoja na usogeze kamera yote mbele na nyuma polepole, ukipiga mfululizo. Mdudu mpige ubavuni, sambamba na sensa, na macho yake yawe ndiyo lengo.

Sensa ndogo na simu

Kamera yenye sensa ndogo mara 1.5, ukiweka fremu ileile kutoka mahali palepale na namba ya f ileile, inatoa kina kikubwa takriban mara 1.5. Simu imefika mwisho wa njia hiyo. Lenzi yake kuu ina urefu halisi wa milimita chache tu, kwa hiyo hata f/1.8 yake inaacha karibu kila kitu wazi kwa mtu aliye mita 2. Ukungu wa modi ya picha za watu hutengenezwa na programu, nao hukosea kwenye nywele zilizotawanyika, fremu za miwani na nafasi kati ya mkono na kiwiliwili. Kagua sehemu hizo kabla mtu hajaondoka. Ukitaka ukungu wa kweli kutoka kwenye simu, sogelea kitu kidogo kadiri simu itakavyokubali kulenga, na uhakikishe nyuma kuna nafasi.

Kukagua picha iliyokosa uwazi

Ikuze picha kwenye kioo cha kamera na utafute kwanza kilicho wazi. Kama sikio liko wazi na jicho haliko wazi, fokasi ilitua nyuma: hamisha nukta ya fokasi uiweke juu ya jicho badala ya kulenga katikati kisha kuisogeza kamera, maana kwa f/1.8 msogeo huo mdogo unatosha kukutoa kwenye ukanda. Kama jicho liko wazi na unachokitaka kilicho jirani yake kimefifia, kina ndicho hakitoshi: rudi nyuma, au panda ngazi mbili za f. Kama mandhari iko wazi na mtu peke yake ana ukungu wa kuvutika, alisogea, na hapo kinachohitajika ni kasi ya shata. Na kama hakuna hata kitu kimoja kilicho wazi kuanzia mbele hadi nyuma, kina hakihusiki. Kamera ilitikisika, nawe ongeza kasi au weka tripodi.